Kabla ya kufungua alteneta, pima milivolti

Ndugu zetu mnaojijengea ndege, mmeanza tena. Amita inasoma ampea 32, vifaa vyote vilivyowashwa havizidi 20, na kitu cha kwanza kuguswa ni alteneta, mashine inayozalisha umeme kwa nguvu ya injini. Inafungwa mpya, namba inabaki ileile. Inafuata regulata inayodhibiti volti zake, kisha betri. Pesa imekwenda, na lagi iliyolegea, ile ncha ya chuma yenye tundu mwishoni mwa waya, bado iko palepale nyuma ya ukuta wa kuzuia moto, inazidi kupata joto.

Shikeni hili kwanza. Shanti ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana kinachopitiwa na umeme wote. Amita ya shanti haisomi ampea, inasoma milivolti zinazotokea kati ya ncha zake mbili. Shanti ya ampea 60 kwa milivolti 50, yaani ampea 60 zikipita hutoa milivolti 50, ina ukinzani wa miliohmu 0.83 tu, kwa hiyo ampea 20 zikipita unapata milivolti 16.7, na chombo kinapiga hesabu na kukuandikia 20. Namba ikikushangaza, uliza kwanza hizo milivolti zimetoka wapi.

1. Jua shanti yako imekaa wapi. Ikiwa kati ya betri na basi ya umeme, yaani ukanda unaogawia vifaa umeme, amita inaonyesha betri inachaji au inatoa. Ukishawasha injini itapanda, kisha ishuke taratibu hadi karibu na sifuri kadiri betri inavyojirudishia kilicholiwa na stata, na sifuri hapo ni afya. Shanti ikiwa kwenye waya mkubwa wa kutoka alteneta, amita inaonyesha mzigo wote, na sifuri hapo maana yake alteneta haizalishi kitu. Sifuri ileile, maana mbili zinazopingana! Msiazimane ushauri kabla ya kuambiana shanti zenu ziko upande gani.

2. Tumia mzigo unaoujua. Kwa shanti ya betri, zima injini, washa swichi kuu, kisha taa ya kutua. Halojeni ya wati 55 kwenye volti 12.5 inakula ampea 4.4, kwa hiyo multimita kwenye skrubu ndogo za shanti ile ya 60 itasoma karibu milivolti 3.7. Kwa shanti ya alteneta injini lazima izunguke. Basi unganisha nyaya ndefu za multimita mapema, zifunge zisifikie kitu kinachozunguka, na usomee ukiwa umekaa kwenye kiti. Mtu asisimame karibu na propela kwa ajili ya namba. Klampu mita nayo inafaa, ila iwe ya umeme wa DC, na uisawazishe kwenye sifuri kabla ya kuifunga kwenye waya. Zile za AC pekee hazitaona kitu.

3. Nyaya za kupimia zina skrubu zake. Hapa tutakaa, kwa sababu hili ndilo kosa lililotugharimu sisi tuliotangulia, na ndilo tunalowaona mkilirudia. Shanti ina boliti mbili kubwa na skrubu mbili ndogo. Boliti ni njia ya umeme wa kazi, skrubu ni za nyaya nyembamba za kwenda kwenye amita. Mtu anaona boliti inafikika kirahisi, anakrimpu kijilagi kwenye waya mwembamba, anakipachika juu ya lagi kubwa, anakaza nati. Na amita inasoma sawasawa, maana lagi ni mpya, safi, imekazwa. Ndiyo maana kosa hili linauma: linapita majaribio yote ya ardhini.

Kisha injini inatikisa kwa saa kadhaa. Nati inalegea kidogo, au lagi inaanza kushika utando wa kutu, na mguso wake unapata nusu miliohmu. Kwa multimita ya kawaida, nusu miliohmu haionekani kabisa kwenye ohmu. Lakini kumbuka shanti nzima ni 0.83! Sasa ampea 20 zinaleta milivolti 16.7 za shanti na 10 za mguso mbovu. Jumla 26.7, na amita inakuandikia 32. Mguso ukipata joto ukinzani wake unabadilika, namba inapanda na kushuka, na rubani anaamini regulata imekufa na betri inachemshwa, ilhali volti zimetulia kwenye 14.2 muda wote. Volti zikitulia huku ampea zinaruka, anzia kwenye shanti.

Kuunasa ni kazi ndogo. Mzigo ukiwa umewashwa (kwa shanti ya alteneta, kwa nyaya zilizofungwa mapema kama kwenye namba 2), weka ncha moja ya multimita kwenye shingo ya lagi na nyingine kwenye kichwa cha shanti chenyewe, kile kipande boliti ilipo, si kwenye nati. Unataka kuona karibu na sifuri. Ukiona milivolti kadhaa, umempata. Kabla ya kugusa spana, toa hasi ya betri, kwa sababu shanti inaweza kuwa na umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa, na spana ikigusa bodi ni cheche. Safisha nyuso zing'ae, kisha panga hivi: lagi ilale moja kwa moja juu ya kichwa cha shanti, halafu kipete bapa (washa), kipete cha springi, nati. Kipete kikikaa kati ya lagi na shanti, umejiwekea ukinzani kwa mikono yako. Nyaya nyembamba zirudi kwenye skrubu zake.

4. Namba ikiwa na alama ya kutoa wakati betri inachaji, badilishana nyaya mbili za kupimia. Ikiwa ni nusu kamili au mara mbili kamili, angalia ukubwa wa shanti ulioandikwa kwenye mipangilio ya skrini.

5. Fyuzi za nyaya za kupimia, ampea 1 kila moja, zikae karibu na shanti. Linganisha milivolti za shanti na zile zinazofika nyuma ya chombo. Zisipolingana, kagua fyuzi na vishikio vyake.

6. Sindano inayopepea mara nyingi haidanganyi, umeme wenyewe unapepea. Injini ikiwa imezimwa, washa swichi kuu na swichi ya fildi (koili ya sumaku ya alteneta), kisha pima kutoka basi hadi kwenye pini ya regulata inayonusa volti. Ikipotea zaidi ya volti 0.2 njiani, fuata kipande kwa kipande: breka ya umeme, swichi, viunganishi vya kusukuma. Swichi ya zamani iliyochakaa ndani ndiyo mkosaji wa mara kwa mara. Ila sindano ikiruka pamoja na mwako wa strobu, ile taa ya kumetameta, iacheni, ndivyo inavyotakiwa.

7. Sensa ya Hall, inayopima ampea kwa sumaku inayozunguka waya, haina shanti, ina tundu la kupitisha waya. Nyingi zinazolishwa volti 5 hutoa karibu 2.5 kukiwa hakuna umeme unaopita, kwa hiyo pima hapo kwanza. Ikiwa imehama, angalia ile 5 na ethi ya chombo kabla ya kuilaumu sensa. Mshale ufuate mwelekeo wa umeme, na waya upite mara moja tu. Ukiuzungusha ukapita mara mbili, ampea 10 zitasomwa 20.