Kwa mpwa wangu aliyeweka bastola kwenye bajeti ya safari

Mpwa wangu, na wote mlio kwenye kundi la ukoo, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nimesikiliza sauti zenu zote tangu jana. Ile video ya jamaa aliyepiga risasi kioo cha gari linalowaka akatoka mzima nimeiona. Nimesoma na maneno yaliyofuata, kwamba Marekani bastola ni kifaa cha kazi: mtu anavunjia kioo, anaitia watu akipotea msituni, anamalizia mnyama aliyemgonga barabarani. Kisha wewe ukaandika kwamba umeshatenga dola 500 za mwezi wa kwanza ununue ya kwako, si kwa ugomvi, kwa dharura tu. Mama yako akajibu "Mungu akulinde, mwanangu." Hapo nikashindwa kunyamaza.

Unakuja na viza ya mwanafunzi. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na silaha ya moto au risasi. Sisemi kununua, nasema kuwa nayo. Rafiki akikupa uishike, imekuwa mkononi mwako. Tangu 2022 kosa hilo linaweza kukufunga hadi miaka 15. Dukani kuna fomu namba 4473, inauliza uraia wako na aina ya viza, na kuidanganya ni kosa lingine. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda, na najua utakutana na kijana wa kwetu atakayekunong'oneza habari hiyo kama siri ya utajiri. Mwache. Hukutumwa kuwinda.

Mimi nina grini kadi, kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, kwa hiyo naruhusiwa. Hapa jimbo la Minnesota ningeomba kibali kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, nisome mafunzo, nilipe ada, nibebe. Sibebi. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, hata kama hakuna aliyechubuka. Mzungu jirani yangu, raia wa hapa, akifyatua risasi mahali pasiporuhusiwa pengine atalipa faini, atakasirika, atalala kwake. Mimi nitaanza kutafuta wakili wa uhamiaji. Dharura ni ileile na risasi ni ileile, ila makaratasi yanatutenganisha.

Nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kulisema kwenye kundi. Wakati huo makaratasi yangu yalikuwa bado yanashughulikiwa. Nilikuwa natoka zamu ya usiku kuhudumia wazee, nikagonga kulungu kwenye barabara kuu ya kaskazini. Miguu ya nyuma imevunjika, anajikokota kwenye theluji, analia. Akasimama mzee mmoja mkulima na gari lake la mizigo, akatoa bastola kiunoni, akanielekezea mpini: wewe umemgonga, mmalizie, usimwache ateseke. Kwa moyo alikuwa na haki. Nikakataa. Akanitazama kama mtu asiye na huruma, nami nisingeweza kumweleza sheria za viza pale kwenye baridi. Alimpiga yeye, mara moja, yule mnyama akatulia. Polisi alipofika alituona wawili, mwenye bastola ni mzee. Tochi ilikuja usoni kwangu. Niliulizwa mimi silaha yangu iko wapi.

Na msidhani kibali kingenisaidia. Tarehe 6 Julai 2016 Philando Castile alisimamishwa na polisi Falcon Heights, hapa hapa kati ya Minneapolis na Saint Paul. Alikuwa mfanyakazi wa jikoni shuleni, Mmarekani wa kuzaliwa, ana kibali halali. Akamwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi na kufa, mbele ya mwenzake na mtoto wa miaka minne. Mwaka uliofuata baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likamwachia huru yule polisi. Mwananchi mwenye kila karatasi, wajameni. Sasa nipime mimi na lafudhi yangu.

Tuje kwenye hicho "kifaa". Risasi ndani ya gari lililofungwa ina kishindo cha desibeli 160 hivi, na sikio huanza kuumia kwenye 140. Inapita kwenye kioo, inaendelea hadi kwa yule aliyekuwa anakimbia kukuokoa. Tena vioo vya magari mengi mapya hata pembeni ni vya tabaka zilizogandishwa pamoja kama cha mbele: risasi inatoboa tundu, kioo kinabaki palepale. Ukigeuza bastola uitumie kama nyundo, mtutu unakutazama wewe. Na ukipiga risasi kufuli ulifungue, vipande vya chuma vinarudi kwa mpigaji.

Milio mitatu ya kuomba msaada ni desturi ya kweli ya wawindaji. Lakini Novemba, msimu wa kulungu, msitu mzima unalia risasi, nani atahesabu yako? Na mjini milio mitatu inaleta polisi waliokwisha kuchomoa zao. Huko nyumbani tumezoea kusikia "alipiga risasi hewani" kana kwamba hewa inaimeza. Mwaka 1999 huko Phoenix, Arizona, msichana wa miaka 14 aliuawa na risasi ya namna hiyo akiwa nyuma ya nyumba yao, na mwaka uliofuata jimbo likaweka sheria kali.

Sasa msinielewe kwamba kila anayebeba ni mjinga. Yule mzee alifanya jambo la huruma. Ningekuwa naishi Alaska kwenye dubu, mbali na watu, pengine nami ningekuwa nayo. Huku wapo wanaokaa saa nzima kutoka kwa polisi wa karibu, na kwao ni kama panga kwetu shambani. Ila wewe unakwenda kukaa bwenini, mpwa wangu.

Gari likiingia majini, na huku watu hupita na magari juu ya ziwa lililoganda barafu, usihangaike na mlango. Mkanda, watoto, dirisha, toka, ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajafika kwenye kioo. Vioo vya umeme huwa bado vinafanya kazi muda huo. Ukikwama kwenye theluji, kaa ndani ya gari, futa theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo hewa ya sumu itakulaza na hutaamka. Piga 911, namba ya dharura, ukishindwa kuongea, waandikie ujumbe. Ukigonga kulungu, wapigie hao hao, na ukitaka nyama omba kibali, wanatoa. Nunua nyundo ndogo ya kuvunjia vioo yenye kisu cha kukatia mkanda. Soma kwanza maandishi kwenye kona ya kioo ujue ni aina gani, maana mwaka 2019 chama cha madereva cha AAA kilijaribu vifaa sita vya namna hiyo, na hakuna hata kimoja kilichopasua kile cha tabaka.

Nimekuwa mkali, najua. Njoo, mwanangu, nakusubiri, chumba cha kufikia kipo. Lakini kama unakuja na fikra hiyo ya bastola, bora ubaki. Hapana, njoo. Zile dola 500 nunua koti zito na viatu vya theluji, kitakachobaki ufungulie akaunti ya benki. Na leo usiku nitumie barua ya chuo na ile fomu ya I-20, ya chuo ya kuombea viza, niisome mstari kwa mstari kabla hujaenda ubalozini.