Ushuhuda usubiri, muuguzi asisubiri

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: muumini aliyeacha pombe au unga asimame mbele ya waumini aseme, au anyamaze? Nilitaka kujibu neno moja tu: anyamaze. Siri ni ya mgonjwa, si ya kanisa wala msikiti. Na spika za mkesha wa Chang'ombe hazichagui wa kumsikilizisha. Kabla ya jogoo kuwika mama mkwe ameshapata habari.

Walokole watanitajia Yakobo 5:16, tuungamiane dhambi. Sawa, ila Yakobo hakutaja spika. Waislamu wana hadithi kwa Bukhari na Muslim kwamba umma utasamehewa isipokuwa wanaojitangaza: mtu katenda usiku, Mwenyezi Mungu kamsitiri, asubuhi anasimulia mwenyewe. Mtasema hiyo ni ya anayejisifia, si anayetubu. Nakubali.

Ugomvi huu ni mzee. Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, huhesabu kuzaliwa kwake Juni 10, 1935, mjini Akron, Marekani, kwa Bill Wilson na Daktari Bob Smith. Mwanzoni walikutana ndani ya Oxford Group, ushirika wa Kikristo ambako watu waliungama mbele ya wenzao, karibu kabisa na walokole wetu. Sasa, walevi wa Cleveland walikuwa wakifunga safari kila wiki kwenda Akron, na baadhi yao walikuwa Wakatoliki. Mapadre wakagoma: kuungama ni kwa padre, si sebuleni kwa watu. Mlevi akabaki njia panda, apone au abaki na sakramenti zake. Clarence Snyder, mmoja wa hao wa Cleveland, akapeleka shauri kwa Daktari Bob, naye hakutaka kuwaacha watu wa Oxford Group waliomshika mkono. Basi Mei 11, 1939 Clarence na wenzake wakaanza mkutano wao Cleveland, nyumbani kwa mwenzao mmoja, wakachukua jina la kitabu chao kilichotoka mwezi uliotangulia, Alcoholics Anonymous. Maneno yalikuwa makali. Na humo kitabuni, hatua ya 5, kati ya 12 za kuacha pombe, ilikuwa imeshakata kesi: ungama kwa Mungu, kwa nafsi yako, na kwa binadamu mwingine mmoja. Mmoja! Oktoba gazeti la mji likatoa mfululizo wa makala bila kutaja jina la mwanachama hata mmoja, na walevi wakamiminika. Nimekaa Cleveland kupita kiasi, mniwie radhi.

Lakini kule kutotajwa jina kulikuwa kwa ajili ya gazeti, redio na filamu, si kumficha mtu kwa daktari. Hapo "anyamaze" yangu inapwaya. Anayetumia methadone, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, kama wanaohudumiwa kliniki ya Itega, Dodoma, kwa kawaida huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Mpeleke mlimani kwenye maombi ya siku tatu, aambiwe dawa ni ukosefu wa imani: mwili unaanza kupoteza uzoefu wake wa kuhimili dawa, na akirudi akanywa dozi ile ile bila kusema, pumzi inaweza kukatika usingizini. Aliyekosa siku tatu mfululizo aseme kabla ya kunywa, dozi ipangwe upya. Mnywaji wa gongo wa miaka mingi akikata ghafla, degedege laweza kumpata kati ya saa 6 na saa 48 tangu glasi ya mwisho. Kuweweseka huja siku ya pili hadi ya nne. Wa nyumbani asiyejua atadhani ni mapepo, na badala ya kumkimbiza hospitali ataita waombaji.

Kuna na kikombe cha ushirika mtakatifu. Kwa Waanglikana, ambako divai ni divai kweli, apokee mkate tu, kikombe kikifika apishanishe mikono kifuani. Kuchovya hakusaidii, ladha ni ile ile. Mchungaji aliyearifiwa mapema hatamkodolea macho.

Kwa hiyo aseme, naona nimejigeuka. Amwambie muuguzi, mmoja wa nyumbani, na kiongozi wa dini anayejua kufunga mdomo (padre amefungwa na siri ya kitubio, mzee wa kanisa mara nyingi hajafungwa na chochote). Ushuhuda wa madhabahuni? Si miezi ya kwanza. Akiteleza baada ya kupigiwa vigelegele, aibu itamzuia kurudi hata kliniki. Ukipita mwaka, na mkewe akiwa ameulizwa kwanza, maana aibu ni yake pia, labda. Na spika za nje zizimwe.