Jibu: Pigo moja la taiko, picha zinaruka mara nne

Habari, mdogo wangu. Nimekuelewa: umeunganisha kihisi cha piezo (kipande kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) cha nagado-daiko, ile ngoma kubwa ya Kijapani (taiko), na Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta, ili kila pigo libadilishe picha ukutani, ila pigo moja linahesabiwa mara tatu nne, na kihisi cha shime-daiko, ile ngoma ndogo ya pembeni, nacho kinajiwasha bila kupigwa.

Kabla ya kugusa programu, angalia umekibandika wapi. Kama kiko kwenye ngozi, kitoe. Ngozi ile huendelea kutetemeka baada ya pigo na kihisi kinahesabu kila mtetemo. Nilihangaika na hilo wiki nzima kabla ya onyesho la chuo. Nilipokihamishia kwenye mwili wa mbao wa ngoma, vidole vitatu chini ya misumari inayoshika ngozi, kwa gundi inayobanduka na kipande cha sponji juu, fujo ilipungua sana. Usitoboe kabisa; mwili wa nagado ya jadi ni gogo zima lililochongwa.

Hakikisha pia kuna rezista ya megaohm 1 sambamba na kihisi. Kisha programu ikishapokea pigo, ipuuze kila kitu kwa milisekunde 40. Ukizidisha sana, mapigo ya haraka ya bachi (fimbo za kupigia) yatamezwa.

Kwa shime, piga nagado peke yake usome namba za shime kwenye skrini. Yangu ilifika 90 hivi kati ya 1023, nikaweka kizingiti 130, yaani chochote chini ya hapo kipuuzwe. Chini ya stendi weka zulia zito.

Kitu kimoja: kihisi cha kwenye mbao husikia pigo la ukingoni kwa nguvu kuliko la ngozi. Odaiko, ile taiko kubwa zaidi, sijawahi kuifungia kihisi. Tuma picha ya ulivyobandika.