Kabla ya Kuongeza Nguvu, Hakikisha Mustang Yako Inasimama

Miaka minne iliyopita nilikuwa nateremka kilima hapa Pittsburgh, Marekani, na gari langu la Ford Mustang la 1966. Nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Nikapampu, pedali ikarudi laini, ikazama tena. Nikashusha gia, nikauvuta ule mpini wa breki ya maegesho ulio chini ya dashibodi, nikauvuta taratibu nikiogopa magurudumu ya nyuma yasifunge, na gari likasimama hatua chache kabla ya makutano. Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Alishika mkono wangu, hatukusema kitu mpaka gari la kuvuta lilipofika.

Chanzo kilikuwa bomba moja la chuma linalopeleka mafuta ya breki nyuma. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imelila kwa miaka, likatoboka tundu dogo kama la sindano. Lakini Mustang ya 1966 ina masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki) ya chumba kimoja. Magurudumu yote manne yananywa kisima kimoja, kwa hiyo sehemu moja ikivuja, breki zote zimekwenda. Ford walianza kufunga masta silinda ya vyumba viwili kwenye Mustang za 1967, na hapo bomba la nyuma likipasuka bado unabaki na breki za mbele.

Wakati huo nyumbani nilikuwa na kabureta mpya ya kuongeza nguvu ya injini, bado iko kwenye boksi. Niliirudisha dukani wiki ileile.

Ndiyo maana kila ndugu anayenipigia simu kwamba amepata gari la misuli, kama Wamarekani wanavyoyaita magari yao ya zamani yenye injini kubwa, na anataka kuanza na injini, namwomba aanze na breki. Fikiria: Mustang yenye injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289 na nguvu farasi 200 ilitoka kiwandani na breki za dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu, breki shuu zikiibana kutoka ndani) magurudumu yote, kipenyo inchi 10. Diski za mbele (sahani inayobanwa na pedi pande mbili) uliziongezea pesa. Sisi tuliokulia kwenye Peugeot 504 ya baba, yenye diski mbele, hatujui dramu za mbele zinavyochoka kwenye mteremko mrefu. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia breki shuu, na mguu unazidi kwenda chini. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi.

Kama mfuko hauruhusu diski sasa, weka masta silinda ya vyumba viwili, mabomba mapya na mipira mipya ya kupitisha mafuta ya breki, ubaki na dramu zako. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba na kuziba; mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia, na gari linavuta upande mmoja. Ukifungua dramu za zamani, usipulize vumbi kwa kompresa. Breki shuu za enzi zile zilitengenezwa kwa asbesto. Vaa barakoa, lowesha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa na ukitupe.

Nilipoweka diski za mbele nilinunua vifaa kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipopoteza pesa na Jumamosi tatu. Masta silinda niliyouziwa ilikuwa ya kipenyo cha inchi 1 na 1/8, ya gari lenye busta (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki), na langu halina. Pedali ikawa ngumu kama jiwe: nasukuma kwa mguu mzima, gari linapunguza mwendo kidogo tu. Silinda ikiwa pana, nguvu ileile ya mguu inatoa presha ndogo. Nilipoweka ya inchi 1, gari likawa linatii. Angalia pia kama masta silinda ya dramu ina vali ndogo inayobakiza presha kwenye bomba. Dramu zinaihitaji, diski zikibakiwa na presha hiyo, pedi zinaendelea kugusa na gurudumu linachemka. Na kama dramu za nyuma zinabaki, weka vali ya kupunguza presha ya nyuma, la sivyo siku ya mvua magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na gari litageuka.

Mafuta ya breki ya DOT 5 ni ya silikoni, hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Chagua moja ubaki nayo.

Kwenye saspensheni, hela nyingi hutupwa kwenye springi ngumu na shokamzoba za bei wakati bushi, yaani raba za kwenye viungo, zimekufa. Mwombe mtu azungushe usukani kulia na kushoto, gari likiwa chini na injini imezimwa, wewe ukichungulia mbele. Utaona tairodi (fimbo inayougeuza gurudumu) inayocheza kabla gurudumu halijasogea. Badilisha bushi na tairodi zilizochoka kwanza. Springi za mbele za Mustang hii zimekaa juu ya mkono wa juu (chuma kinacholishika gurudumu kwa juu), zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Kama huna kifaa kizuri cha kuzibana, mpe fundi anayezijua.

Ukiwa umeshafungua huko, kuna kazi moja ninayoipenda kuliko zote: kushusha mkono wa juu kwa inchi 1 kwa kutoboa matundu mapya. Klaus Arning, mhandisi wa Ford, ndiye anayetajwa kuwa chanzo chake, na Shelby GT350 za 1965 (Mustang zilizoboreshwa na Shelby) zilitoka hivyo. Gharama ni keekee na kipimo sahihi cha kutobolea, na kwenye kona tairi la nje linasimama vizuri zaidi badala ya kulalia ukingo.

Boliti za bushi za raba za mikono ya chini usizikaze gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Literemshe lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza gari likiwa hewani raba inakaa imejipinda, na itachanika mapema.

Mwisho peleka gari kwenye alaimenti (kupangwa kwa pembe za magurudumu), na usikubali vipimo vya kitabu cha 1966, maana viliandikwa kwa tairi za zamani. Kwa tairi za radiali, za kisasa, mimi natumia kasta (mlalo wa mhimili wa kukata kona kuelekea nyuma) ya nyuzi 2.5 hadi 3 chanya na kamba (camber, gurudumu kuinama ndani kwa juu) ya nusu nyuzi hasi. Usukani unakuwa mzito kidogo kwenye maegesho, lakini barabara kuu gari linashika mstari. Baada ya maili 100 rudi chini ya gari na spana, pitia kila nati, na upapase kila kiungo cha bomba la breki kwa karatasi nyeupe ya jikoni. Ikitoka na unyevu, usilitoe gari mpaka umepata panapovuja.