Maswali ya wasomaji: Programu haianguki tena, ila inaganda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika programu kwa lugha ya C, na ndani yake nimeweka Python ili watumiaji waandike amri zao wenyewe. Maktaba ya sauti ninayoitumia huanzisha uzi wake (thread, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu), na kila sauti mpya inapoingia uzi huo huita fanksheni yangu, nayo huita fanksheni ya Python. Mwanzoni programu ilianguka papo hapo. Nikashauriwa niweke PyGILState_Ensure kabla ya kuita Python na PyGILState_Release baada yake. Sasa haianguki, lakini inaganda jumla. Je, nikihamia Python 3.13 isiyo na kufuli kuu, lile linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza Python kwa wakati mmoja, nitapona?

JIBU: Marahaba. Ushauri uliopewa ni sahihi, ila umeishia nusu. Nusu iliyobaki iko kwenye uzi mkuu, ambako hukuwa na sababu ya kuangalia.

Kwanza kuanguka. Mkalimani wa Python, yaani sehemu inayotekeleza kodi ya Python, huweka kumbukumbu za aina mbili. PyInterpreterState ni ya kwake mwenyewe: humo zimo moduli zilizokwisha kupakiwa na vitu vinavyotumiwa na nyuzi zote. PyThreadState ni daftari la kila uzi: uzi umefika fanksheni gani, umezama kina gani, unashughulikia hitilafu ipi. Uzi wa maktaba ya sauti haukuzaliwa na Python, kwa hiyo haukuwa na daftari. Ulipogusa Python, mkalimani alilitafuta akakuta pointa tupu, yaani anwani isiyoelekeza popote. Ensure huufungulia uzi daftari, kisha hulishika kufuli kuu, yaani GIL.

Hapo ndipo unapoganda. Py_Initialize, fanksheni inayoiwasha Python, ikimaliza kazi, uzi mkuu unabaki umelishika kufuli. Uzi wako mkuu ukaingia kwenye kitanzi cha C kusubiri matukio, nalo bado limo mkononi.

Wengi huamini Python humnyang'anya mwenye kufuli kila baada ya muda. Sivyo. Tangu toleo 3.2, uzi unaosubiri hungoja milisekunde 5 kisha huinua bendera ya kuomba. Anayeitazama bendera hiyo ni mwenye kufuli mwenyewe, tena wakati anatekeleza maagizo ya Python tu. Uzi wako mkuu umelala ndani ya C. Bendera inaweza kupepea mwaka mzima, asiione.

Jambo hili lilinigharimu siku tatu katika programu ya kusoma vipimo vya joto. Nilikuwa nikikagua fanksheni yangu ya Python mstari kwa mstari, na haikuwa na kosa lolote. Siku ya tatu nikafungua gdb, zana ya kuchungulia ndani ya programu inayoendelea, na kuagiza inionyeshe nyuzi zote kwa pamoja, si ule mmoja niliokuwa nikiushuku. Uzi wa vipimo ulikuwa ndani ya take_gil, ukilisubiri kufuli. Uzi mkuu ulikuwa ndani ya poll, fanksheni ya kusubiri matukio, umetulia. Nilielewa kwa kutazama tu, na tangu siku hiyo programu ikiganda sigusi kodi kabla ya kuziona nyuzi zote. Nakusihi nawe ufanye hivyo leo.

Dawa ni mstari mmoja. Ukishamaliza Py_Initialize na maandalizi yako, kabla ya kuingia kwenye kitanzi, ita PyEval_SaveThread na uihifadhi pointa inayorudishwa. Kufuli litaachiliwa, na uzi wa sauti utapita. Uzi mkuu nao ukitaka kuita Python katikati ya kitanzi, utumie Ensure na Release vilevile. Hakikisha kila Ensure ina Release yake, hata pale fanksheni inaporudi mapema kwa sababu ya hitilafu. Hapo ndipo watu husahau.

Kuna mtego mwingine wakati wa kufunga programu. Simamisha sauti kwanza na usubiri uzi wake uishe, ukiwa hujashika kufuli. Kisha ita PyEval_RestoreThread kwa pointa uliyohifadhi ili ulishike kufuli tena, ndipo uite Py_Finalize kuifunga Python. Ukilishika kufuli kwanza halafu ukausubiri uzi wa sauti, nao huenda unalisubiri kufuli hilohilo, na mtasubiriana milele. Ukiuacha uzi ukiwa hai, utakapolitaka kufuli wakati mkalimani anafungwa, hadi toleo 3.13 uzi huo huuawa palepale ulipo, na kuanzia 3.14 husimamishwa usiendelee tena. Kwa vyovyote kazi iliyokuwa mkononi mwake haitakamilika.

Na hiyo 3.13 isiyo na kufuli? Haitakuponya. Daftari la uzi bado linahitajika, na Ensure bado inahitajika. Kweli, uzi wa sauti hautakwama mlangoni, kwa hiyo utadhani umepona. Lakini mkusanya taka wa toleo hilo, yaani sehemu inayofuta vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu, husimamisha nyuzi zote kabla ya kufanya kazi yake, na uzi mkuu uliolala ndani ya C bila kuita PyEval_SaveThread hauwezi kumwitikia. Programu itaenda vizuri kwa muda, kisha itaganda saa usiyoitarajia. Mimi ningependelea kuganda kwa leo, kunakotokea kila mara na mahali palepale.