Silikoni inanata, resini ina mapovu

Pole ndugu yangu wa Jinja. Umeniandikia kwamba umemfinyanga ndege korongo kwa plastisini (udongo laini wa kufinyangia), ukammiminia silikoni ili upate kalibu, ikabaki inanata pale ilipogusa udongo, na nakala mbili za resini (plastiki ya majimaji inayoganda) ulizopata zimejaa mapovu. Silikoni yako ni nzima. Plastisini nyingi zina salfa, na silikoni inayogandishwa kwa platini ikigusana na salfa haikauki. Nunua ile inayogandishwa kwa bati, na uijaribu kwanza chini ya kitako cha sanamu.

Mapovu nayo: koroga polepole, kisha mimina kutoka juu kwa mchirizi mwembamba kama uzi, pembeni tu, resini ijipandie yenyewe. Kama resini yako ni ya aina ya poliyurethani, unyevu ndio adui. Mimi hapa Entebbe niliacha mkebe wazi wiki ya mvua. Resini ikafura kama mandazi. Resini ya aina ya epoksi ni mvumilivu zaidi.

Kwa shingo na taji lile, tengeneza kalibu ya vipande viwili. Paka vaselini kwenye nusu ya kwanza kabla ya kumimina silikoni ya nusu ya pili! Nilisahau mara moja, nikatenganisha kwa kisu.

Fanyia kazi barazani, na glavu za nitrili. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kifua kikianza kubana, acha kazi, mwone daktari.