Ukimpenda bloga, wapeleke watu mlangoni kwake

Wapenzi wasomaji, mwezi huu karibu barua zote zimegusa kitu kimoja, wanawake wanaoandika blogu na namna ya kuwapa heshima yao, kwahiyo nimeona safu nzima iende huko huko. Barua nimezifupisha, majina hayapo.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni msomaji sana wa blogu, kuna wadada sita ambao wakiposti tu lazima nisome mpaka mwisho. Mmoja anaandika malezi, mwingine hesabu za biashara ndogo, mwingine programu za kompyuta, yani wananifundisha kweli. Siku ya Wanawake ikifika huwa naweka orodha ya majina yao na picha ya maua afu basi, naona kama haiwasaidii chochote. Nifanye nini cha maana? – Msomaji wao wa kimya kimya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo uliposaini "kimya kimya" ndo pa kuanzia, kwasababu hao wadada hawajui kama upo. Anayeandika blogu akifungua takwimu zake anaona namba tu, watu kadhaa wamepita, hajui nani alielewa, nani aliondoka baada ya mstari wa pili, na mtu anaweza akaandika hivyo miaka bila kusikia sauti ya mtu hata mmoja mpaka siku anaacha, na siku anaacha ndo wasomaji wanajitokeza kusema jamani mbona umeacha tulikuwa tunakusoma. Usisubiri huko. Nenda leo kwenye posti iliyokusaidia, uache komenti inayosema ulisoma nini na ukafanya nini baada ya kusoma. "Hongera dada" ni sawa, lakini "nilikuwa nachanganya hela ya biashara na hela yangu mwenyewe, posti yako ndo imenifanya nizitenganishe" hiyo anaisoma mara tatu siku hiyo hiyo, na siku akikosa nguvu ya kuandika anairudia.

Afu orodha yako. Tatizo la orodha ya majina ni kwamba haimpeleki mtu popote. Msomaji wako anaona majina sita, anasema wow, anaendelea na safari yake. Hata ukiweka linki ya ukurasa wa mbele wa blogu bado, manake akitua pale anakuta posti ya juzi ambayo pengine haimhusu, anatoka. We chagua posti moja, ile iliyokushika wewe, uandike sentensi tatu nne kwanini aisome, umtaje mwandishi kwa jina analolitumia mwenyewe, afu uweke linki ya posti hiyo hiyo. Na maneno ya kubonyeza yawe na maana, andika "jinsi anavyopanga bei ya kazi zake" usiandike "bonyeza hapa", kwasababu mashine za kutafuta nazo zinayasoma yale maneno ili kujua ule ukurasa unahusu nini, kwahiyo linki yako nzuri inamsaidia hata kwa watu ambao hawatakaa wakujue wewe.

Kitu kimoja nakuomba sana, usikopi posti nzima ukapesti kwako hata kama umeandika jina lake chini. Wengi wanafanya hivi kwa mapenzi kabisa, lakini wasomaji wanabaki kwako, komenti zinabaki kwako, na yeye anaona kazi yake inasambaa huku takwimu zake zimelala. Nukuu aya moja, waache wakaisome iliyobaki kwake.

Ukitaka jambo kubwa zaidi kuna mfano naupenda. Mwaka 2009 Uingereza mama mmoja bloga, Suw Charman-Anderson, alichoka kusikia kwamba wanawake wa teknolojia hawaonekani, akatoa ahadi mtandaoni: nitaandika posti kuhusu mwanamke wa teknolojia ninayemheshimu, ila kwa sharti kwamba watu 1,000 wengine nao waahidi kuandika. Watu wakajitokeza zaidi ya hao 1,000, na tarehe 24 Machi mwaka huo wakaposti. Ndo ikazaliwa siku ya Ada Lovelace, yule Mwingereza aliyeandika mwaka 1843 kuhusu mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, na siku hizi inaadhimishwa Jumanne ya pili ya Oktoba. Ona alivyofanya, hakuomba watu walike wala washee, aliomba kila mmoja akae chini aandike, na ukiandika kuhusu mtu lazima umsome kwanza. We anza na watu watano unaowajua, kila mmoja aahidi posti moja. Na kwavile wadada wako ni sita na mwaka una miezi 12, kila mmoja anapata miezi miwili, hamna haja ya kuwabana wote ndani ya tarehe 8 Machi.

SWALI: Dada habari. Mimi ni mwanaume, nina blogu ya teknolojia yenye wasomaji wa kutosha. Niliandika posti ya wanawake 20 wanaoblogu, nia yangu njema kabisa, mmoja wao akaniandikia kwamba yeye anablogu usalama wa mitandao na hapendi kuwekwa kwenye kapu la "wanawake" pamoja na watu wasiohusiana na fani yake. Nimekosea wapi?

JIBU: Salama kaka, na asante kwa kuuliza badala ya kununa. Orodha yenyewe si kosa. Zamani kidogo, blogu zilipoanza kupata nguvu, kuna swali lilikuwa likizunguka Marekani, eti mabloga wanawake wako wapi, wakati wanawake walikuwepo wanaandika kila siku. Lisa Stone, Elisa Camahort na Jory Des Jardins wakalijibu kwa vitendo, mwaka 2005 wakaitisha mkutano wa mabloga wanawake wakauita BlogHer, ukakua ukawa taasisi kabisa. Kwahiyo kuna wakati kukusanya majina sehemu moja kunamnyima mtu kisingizio cha kusema hawapo.

Ila mwenzako anakwambia kitu cha kweli. Ukiandika posti kuhusu nywila zilizovuja, hapo ndo mahali pake yeye, kama mtaalamu, umnukuu katikati ya hoja yako kama unavyomnukuu mwanaume yeyote. Hebu fanya hivi, fungua posti zako 20 za mwisho uhesabu linki zote zinazopeleka kwa mtu mwingine, afu uone ngapi zinampeleka msomaji kwa mwanamke. Sijui utakuta ngapi. Kama ni mbili au sifuri basi ile orodha ilikuwa imebeba mzigo peke yake, na hiyo ndo iliyomuuma. Mwandikie mwambie nimekuelewa, usijitetee kwa nia njema, na posti yako ijayo ya usalama mtaje ndani kwa kazi yake.

Na kwavile una wasomaji wa teknolojia, waeleze na hili, manake wengi hawalijui. Blogger, ile huduma ya kuandikia blogu iliyowafungulia njia watu wasiojua kompyuta sana, ilitoka mwaka 1999 kwenye kampuni ya Pyra Labs, na mmoja wa waanzilishi wawili wa kampuni ile ni mwanamke, Meg Hourihan. Movable Type, programu nyingine ya kuandikia blogu iliyotoka mwaka 2001, ilitengenezwa na mke na mume, Mena na Ben Trott, na Mena ndiye aliyekuwa anablogu akakosa kifaa kinachomridhisha. Yani wanawake hawakuja kualikwa kwenye nyumba hii ikiwa imeshajengwa, walibeba matofali. Hiyo ni posti kaka, iandike.

SWALI: Dada yangu naomba msaada, nimelia wiki nzima. Naandika kwa jina la bandia, mambo ya ndoa niliyotoka, nyumbani hawajui. Msomaji mmoja anayenijua akanisifia kwenye ukurasa wake kwa jina langu la kweli na picha yangu, akasema ana fahari na mimi. Sasa watu wanaanza kunipigia.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, pole kweli. Kwanza mpigie huyo msomaji, usiandike, piga, aitoe posti sasa hivi na si kesho, na awaombe walioishea nao watoe. Mwambie wazi asiandike posti nyingine ya kuomba radhi inayokutaja tena. Ukurasa ukishafutwa, jina lako linaweza likabaki kwenye majibu ya mashine ya kutafuta kwa muda, zipo fomu za kuomba yasasishwe haraka, zijaze. Kwenye blogu yako angalia kama jina lako la kweli halijakaa kwenye barua pepe ya mawasiliano, kwenye wasifu, au kwenye jina la faili la picha. Afu kabla hujaamua kufuta blogu yako subiri siku chache, ukiweza iweke faragha tu, manake ukifuta huenda usiweze kurudisha, na uamuzi wa wiki ya machozi si wa kuuamini. Na kama kati ya wanaokupigia yupo wa kukutisha, usikae peke yako, mwambie mtu mmoja unayemuamini leo hii, na vitisho hivyo uvihifadhi vyote kwa ajili ya polisi.

Sasa naongea na nyinyi wengine mnaosoma. Jina la bandia lina sababu hata kama wewe huioni. Malala Yousafzai alikuwa na miaka 11 mwaka 2009 alipoanza kuandika shajara yake kwenye tovuti ya BBC ya Kiurdu, akatumia jina la Gul Makai, kwasababu Taliban walikuwa wameshika eneo lao la Swat, Pakistan, na walikuwa wanafunga shule za wasichana. Yule mwanamke wa Iraki aliyeandika kutoka Baghdad kuanzia mwaka 2003 kwa jina la Riverbend, watu wa nchi nyingi walimsoma bila kujua jina lake na hawakupungukiwa na kitu. Hata anayetumia jina lake la kweli hayuko salama, Kathy Sierra wa Marekani alikuwa anaandika mambo ya programu tu, mwaka 2007 akatishiwa kuuawa akasimamisha blogu yake. Kwahiyo kabla hujamsifia mtu muulize: nikuite nani, niweke picha au nisiweke, kuna posti usiyopenda isambae? Ni meseji moja tu, na ukiituma umeshamheshimu kuliko posti nzima ya sifa.

Na akitukanwa, usichukue skrinishoti ya tusi ukaisambaza ili kulilaani, unakuwa umelipeleka kwa watu ambao wasingeliona. Weka komenti yako kuhusu alichokiandika, na wenzako waweke, mazungumzo yarudi kwenye kazi yake.

SWALI: Dada hivi blogu si zimepitwa na wakati? Wote wako kwenye video fupi.

JIBU: Hapana. Video ya leo kesho imezama, posti nzuri ya mwaka 2012 mtu anaitafuta leo anaipata. Na wengi wenu mnaijua Ushahidi, ile programu ya kuweka taarifa za watu kwenye ramani, ilianzia kwenye blogu ya mwanamke, Ory Okolloh, Kenya, mwanzoni mwa Januari 2008 baada ya uchaguzi, habari zimebanwa, yeye anapokea taarifa za vurugu kupitia blogu yake mpaka zinamzidi, akauliza kuna wataalamu wa kumsaidia kuziweka kwenye ramani? Wakajitokeza, na programu ikatumika mpaka Haiti baada ya tetemeko la 2010. Yote hayo yalianza kwa posti na watu walioijibu.

SWALI: Dada, rafiki yangu alikuwa anablogu miaka mingi, alifariki mwaka jana. Blogu bado ipo. Nataka kumkumbuka kwa kitu zaidi ya picha yake na mshumaa.

JIBU: Pole sana, na asante kwa kumkumbuka kwa kazi yake. Swali la kwanza ni hili, je alikuwa na domeni yake ya kulipia, yani anwani ya blogu iliyosajiliwa kwa ajili yake? Domeni nyingi zinalipiwa kwa mwaka, kama kadi yake ya benki ilifungwa basi anwani inaweza ikakatika wakati wowote, na mtu mwingine anaruhusiwa kuinunua akaweka mambo yake. Ukaongee na familia kwa upole, kazi sasa ni yao na wao ndo wenye kuamua. Wakikubali, kama kuna mwenye namna halali ya kuingia, Blogger na WordPress, huduma za kuandikia blogu, zote zina sehemu ya kushusha posti zote kwenye faili moja, ila faili la WordPress halibebi picha zenyewe, picha uzihifadhi kando. Kama hamuwezi kuingia, ipo Wayback Machine ya Internet Archive, unabandika anwani ya posti inahifadhi nakala, fanya posti moja moja kwa subira. GeoCities, huduma ya zamani ya watu kujitengenezea kurasa zao, ilipofungwa mwaka 2009 kurasa za watu wengi zilipona kwasababu kuna waliokaa wakazikopi kabla ya siku ya mwisho.

Lina Ben Mhenni, bloga wa Tunisia aliyeandika kwa jina lake la kweli wakati wengi wanaogopa, akaenda mpaka Sidi Bouzid na Kasserine kupiga picha za yaliyotokea wakati wa mapinduzi ya nchi yao, alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 36 tu. Watu wanamkumbuka kwa maneno yake mwenyewe, kwavile yalitunzwa. Rafiki yako naye anastahili hivyo hivyo. Ukishahifadhi, chagua posti tano alizozipenda yeye, kila mwezi isome moja na watu waliomjua, muandike chini yake mnachokikumbuka. Ila domeni kwanza dada, angalia leo inaisha tarehe ngapi.